Mji wa Kilwa ndani ya gemu: nilivyopata eneo lenye sura moja

Kwa wanaojenga bustani za burudani kwenye kompyuta, ushauri unaorudiwa kila siku ni huu: chagua mada, fungua kundi la mapambo yake, kisha jaza mpaka pasibaki pengo. Ukitaka Misri, mwaga piramidi. Ukitaka Afrika, mwaga twiga na vibanda vya nyasi. Ushauri huu unaniudhi kwa sababu mbili. Unazaa eneo ambalo jicho halijui litue wapi, na hesabu ya gemu yenyewe haiulipi.

Najenga kwenye OpenRCT2, programu huria ambayo watu wa kujitolea wameiandika upya kutokana na RollerCoaster Tycoon 2 ya mwaka 2002. Programu ni bure, ila lazima uwe na mafaili ya gemu ya asili. Ukivizia punguzo utaipata kwa elfu kumi na kitu, bila punguzo ni ishirini na kitu. Haitaki kompyuta ya nguvu. Yangu ni ya mtumba, ya laki tatu na ushee, haina kadi ya picha ya maana, na inaiendesha bila kukwama.

Sasa hesabu. Gemu inapopima msisimko wa mchezo, yaani chombo cha kupanda kama bembea au reli, huhesabu mapambo yaliyo karibu na kituo cha kupandia tu, miraba mitano ya ardhi kila upande, na ikifika vitu 47 inaacha kuongeza alama. Cha 48 hakina faida. Kuta hazihesabiwi kabisa, hata uzungushe kasri zima. Kinachohesabiwa ni mapambo yanayosimama ndani ya mraba: miti, vichaka, mawe, nguzo. Mraba mmoja unabeba vichaka vidogo vinne, kimoja kila pembe, kwa hiyo miraba kumi na miwili ya vichaka karibu na kituo inakupa 48 na kazi ya alama imekwisha. Sehemu yote iliyobaki uko huru kuipanga kwa ajili ya jicho, na nafasi tupu haikupunguzii chochote.

Nilichofanya mimi ni kuanza na mwaka na vifaa vya ujenzi, mapambo yakafuata. Mahali ni Kilwa Kisiwani, hapa hapa mkoani Lindi, na wakati ni miaka ya 1330: jumba la Husuni Kubwa liko juu ya mwamba ukingoni mwa bahari, na msafiri Ibn Battuta wa Morocco alikuwa amepita mjini mwaka 1331. Mwaka ukishaandikwa, mabishano mengi yanakufa yenyewe. Gereza, ile ngome ya kisiwani, haliingii, kwa sababu ngome ya kwanza ya Wareno pale ni ya 1505. Mkorosho hauingii pia, maana asili yake ni Brazili na ulikuja na Wareno hao hao. Najua kwa mtu wa Kusini kujenga pwani yetu bila mkorosho kunauma, lakini ukiuruhusu huo huna tena sababu ya kukataa kingine. Miti ni mitatu tu: mbuyu, mnazi, mkoko. Msikiti Mkuu, ambao ndio fahari ya kisiwa, sikuuweka kwa sababu nyingine: nyumba ya ibada haikai katikati ya bembea na foleni za vinywaji. Jumba la sultani linatosha kubeba eneo.

Baada ya mwaka, vifaa. Majengo ya mawe ya Kilwa ni matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Dari zake za kawaida hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, mita mbili na nusu hadi tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya zamani vya mwambao ni virefu na vyembamba. Hii ndiyo sheria iliyonijengea mji: hakuna paa linalovuka zaidi ya mraba mmoja bila ukuta au nguzo chini yake. Ukitaka ukumbi mpana, weka safu ya nguzo katikati. Sheria hii moja ilifanya kazi kuliko mapambo yote, kwa sababu kila jengo, kuanzia jumba hadi choo, lilipata kipimo kile kile. Mgeni hawezi kukwambia kwa nini majengo yanafanana, ila anaona ni ya fundi mmoja.

Rangi zilifuata vifaa. Nyeupe ni kuta zilizopakwa chokaa, kijivu ni jiwe lililoachwa wazi, kahawia iliyokoza ni boriti, milango na majahazi, na kahawia hafifu ni makuti. Ya tano ni kijani-bahari, kwa ajili ya vyombo vya kauri kutoka China ambavyo mafundi wa Kilwa walivipachika kwenye majengo. Hii ya tano nimeiruhusu sehemu mbili tu, juu ya milango mikubwa na pembeni mwa birika la kuogea. Ukiitandaza kila mahali inakuwa rangi ya kawaida na mlango mkuu haujulikani tena. Nyeupe nayo ina kasoro yake: kuta mbili nyeupe zikikutana kwenye kona, kwa umbali zinaungana na jengo linaonekana bapa. Kila ukuta wa nne au wa tano uwe wa kijivu, hasa chini ambako chokaa huliwa na unyevu, na kona inarudi.

Ibn Battuta aliandika kwamba nyumba za mji zilikuwa za miti. Nikalitumia hilo: mawe yamekaa juu kwenye jumba na chini gatini, kati yake ni nyumba za fito na makuti. Anayetembea anapita kutoka chokaa kwenda makuti na kurudi chokaa, na eneo halichoshi ingawa rangi ni tano.

Birika ndilo lililonichukulia muda mrefu, nalo ndilo ninalojivunia. Husuni Kubwa ina birika la pembe nane lililozama sakafuni, na gemu hii ni ya miraba. Wengi watakwambia pembe nane haiwezekani, weka chemchemi ya duara iliyo tayari. Inawezekana. Siri iko kwenye pembe za ardhi: ukiweka zana ya ardhi kwenye ukubwa wa mraba mmoja na kubofya karibu na pembe, unainua pembe hiyo peke yake. Mraba uliopungua pembe moja tu huku tatu zikiwa juu, ukitiwa maji hadi usawa wa ardhi, unagawanyika kwa mshazari: nusu maji, nusu nchi kavu.

Jaribio la kwanza kila mtu analoliwaza ni birika la miraba 3 kwa 3, likiwa na mshazari mmoja kila kona. Nililijenga, nikalizungusha, likaonekana kama almasi iliyokatwa ncha. Sababu ni hesabu: upande ulionyooka una urefu wa mraba 1, ilhali mshazari ni 1.41, karibu mara moja na nusu. Ukiongeza liwe 4 kwa 4, kasoro inageuka upande wa pili, ulionyooka 2 na mshazari ule ule 1.41. Linalokubali ni 7 kwa 7, kila kona ikikatwa kwa miraba miwili. Hapo upande ulionyooka ni 3 na mshazari ni 2.83, tofauti ambayo jicho haliikamati. Kwa vitendo: miraba minne ya kona kabisa inabaki nchi kavu, minane inakuwa nusu kwa nusu, 37 iliyobaki inashushwa hatua moja na kujazwa maji. Pembe iliyoshuka kwenye ile minane lazima ielekee katikati ya birika. Ukigeuza hata mmoja, maji yanatoka upande wa nje na utalitafuta kosa kwa muda, kwa sababu ukitazama kutoka upande mmoja halionekani.

Lakini usiishie kwenye maji. Bila ukingo birika linaonekana dimbwi. Nimezungusha pande zilizonyooka kwa ukuta mfupi wa kijivu. Kwenye mishazari kuta hazikai, kwa kuwa hukaa ukingoni mwa mraba tu, kwa hiyo nimepanga vipande vidogo vya mawe vya robo mraba kwenye nusu kavu. Kuviweka kunahitaji kuzima ukaguzi wa nafasi kwenye orodha ya udanganyifu (cheats). Ukimaliza, urudishe papo hapo. Ukisahau, gemu itakuruhusu kupitisha njia ndani ya ukuta na reli ndani ya mbuyu bila onyo lolote.

Mapaa: shikilia Ctrl ukiwa juu ya kitu kilichopo, kipande kipya kinakamata usawa wake, shikilia Shift na usogeze kipanya juu, kipande kinapaa. Kwa njia hii vibanda vya chakula vinafichwa. Kibanda ni mraba mmoja wenye mbele moja. Kizungushie kuta pande tatu, kifunike kwa paa, mbele weka nguzo mbili za boriti, na rangi zake za asili zinamezwa na kivuli.

Michezo ni mitatu tu katika eneo zima. Wa kwanza ni magogo ya majini, reli yake imelazwa sakafuni kama mfereji wa jumba ili nguzo zake zisionekane, halafu inadondoka mwambani hadi baharini sambamba na ngazi. Usiache mdondoko huo, maana mchezo huu usipokuwa na mteremko hata mmoja alama zake hukatwa nusu. Wa pili ni merikebu ya kubembea, inayochukua miraba mitano kwa mmoja. Nimeiweka gatini kati ya minazi mirefu, ikapakwa kahawia yote hadi fremu. Wa tatu ni mitumbwi ya kukodi, nao una tabia ya kufahamu: mtumbwi ukitoka kwenye reli fupi ya kituo unaelea huru popote penye maji. Bandari ikiwa wazi, unaishia upande wa pili wa bustani na wageni wanakasirika. Funga mdomo wa bandari kwa fungu la mchanga, na usiweke vijito vya mraba mmoja ndani yake, mitumbwi hukwama humo.

Njia ziwe za mraba mmoja. Hapa gemu na mji wa zamani vinakubaliana: vichochoro vyembamba ndivyo vinavyofaa, na njia pana huwachanganya wageni wakazunguka bila kufika. Ukitaka uwanja, badili rangi ya ardhi iwe mchanga kandokando ya njia. Kichochoro kisichopenya nacho hujaza watu. Kiunganishe, au weka bango la kuzuia kupita, wafanyakazi halitawazuia. Mraba wa njia hupokea aina moja tu ya kifaa, taa, pipa au benchi, kwa hiyo panga mapema: mabenchi na mapipa karibu na mlango wa kutokea merikebu, ambako watu hutapika, na taa kwenye kona. Mapipa yafuate vidaka ulivyoacha kati ya nyumba. Taka zikizagaa wageni wanaacha kusifu mandhari hata yawe mazuri namna gani.

Mambo mawili huvunja kazi yote nayo ni madogo. Muziki: kila mchezo una mtindo wake, na miwili ikikaribiana inapigana. Nimeuacha kwenye merikebu tu, kwingine nimezima. Na watumbuizaji: aliyevaa vazi la panda ataingia Kilwa kama hujamwekea mpaka wa doria.

Kila jengo likiisha, zungusha mtazamo mara nne, kwa sababu unachokificha mbele kiko wazi nyuma. Mimi hujenga migongo ya nyumba kabla ya mbele, kwani nikiianza mbele najikuta nimemaliza nafasi.

Mpakani, magharibi, kuna eneo langu jingine la Tendaguru, kile kilima cha Lindi ambako Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Kati ya maeneo hayo mawili nimeacha ukanda wa miraba minane wa mikoko na mibuyu peke yake, bila jengo. Njia ndani yake inapinda mara mbili ili ambaye bado hajatoka Kilwa asiione mifupa, na inabadilika kutoka mawe kuwa vumbi kwenye pindo la kwanza, kabla ya mti wa kwanza wa upande wa pili kuonekana. Ukibadilisha njia na miti mahali pamoja, mshono unaonekana hata kutoka juu kabisa. Viachanishe kwa miraba mitatu au minne.