Kutoa nili kwenye majani ya mnili

Mnili ninaousema hapa ni Indigofera arrecta, kichaka cha Afrika Mashariki kinachofikia mita 2 hadi 3. Rangi yake ya buluu, yaani nili, ni nyingi kiasi kwamba katika karne ya 19 mbegu zake zilipelekwa kisiwa cha Java, Indonesia ya leo, kulimwa mashambani. Kila jani lina vijani vidogo vilivyopangika wawiliwawili, na kimoja peke yake nchani. Maua ni madogo, mekundu-waridi, na maganda ya mbegu ni mafupi, yamenyooka, yanaelekea chini. Msichume kwa kukisia, maana jamii hii ina aina zaidi ya 700 na nyingi hazina rangi ya maana. Indigofera spicata, ile inayotambaa, huwadhuru ng'ombe na farasi. Jaribio ni rahisi: sugua majani mabichi kwenye kitambaa cheupe, kisha acha doa likauke. Likielekea buluu, endelea.

Mbegu zina ganda gumu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa wakidhani wameuziwa mbegu mbovu. Zisugue kidogo kwa msasa, ziloweke usiku kucha, kisha panda zile zilizovimba tu, kina cha sentimita 1, mahali penye jua. Mbolea haihitajiki sana, kwa kuwa mizizi yake hutengeneza nitrojeni kama ya kunde. Maji yakituama, mche unaoza. Kata matawi ukiona matumba ya maua yameanza lakini hayajafunguka, ukibakiza kisiki ili kichipue tena.

Majani yaingie majini siku ileile. Yakinyauka, rangi inaanza kugeukia ndani ya jani na huipati tena. Kwa kilo 5 za matawi tumia lita 50 za maji, na uyagandamize kwa mawe yasielee. Kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 huchukua saa 12 hadi 24, lakini usiamini saa peke yake. Tazama maji: yanageuka manjano ya kijani, juu panatanda utando unaong'aa kama shaba, na harufu bado ni tamutamu. Ikishakuwa ya uozo umechelewa, na nili itatoka kidogo, ya kijivu.

Toa majani, chuja. Koroga gramu 100 hadi 150 za chokaa iliyozimwa (ile iliyokwisha kutiwa maji ikatulia) katika maji kidogo pembeni, umimine kwenye maji uliyochuja. Sasa piga maji kwa nguvu, au yachote na kuyamwaga kutoka juu, ili yapate hewa. Povu la kijani litakuwa buluu, kisha litaanza kufifia lenyewe, hapo acha. Huchukua nusu saa hadi saa nzima, na wanaoacha mapema kwa kuchoka mkono ndio wanaopoteza rangi. Yaache yatulie usiku kucha; asubuhi maji ya juu yawe ya kahawia kama chai ya rangi. Yakibaki ya kijani, hewa haikutosha, piga tena. Mwaga ya juu taratibu, chuja tope la chini kwenye kitambaa kizito. Kila kilo ya majani hutoa gramu chache tu, na ndiyo maana nili ya asili ina bei.

Nili haiyeyuki majini, hivyo kupaka rangi kunahitaji kuiondolea hewa iliyoipata. Changanya nili sehemu 1, chokaa 2, sukari ya matunda (fruktosi) 3, katika maji ya nyuzi 50 hivi. Sukari ya matunda ndiyo inayoondoa hewa hiyo; ya chai haiwezi, asali inafaa. Kioevu kikiwa manjano-kijani chini ya utando wa shaba, zamisha pamba iliyofuliwa ikatoka wanga wote, dakika chache, bila kuingiza mapovu ya hewa. Inatoka kijani na kugeuka buluu mbele ya macho yako, ikianzia kwenye mikunjo iliyo wazi. Ukitaka buluu nzito, zamisha mara 5 au 6 kwa muda mfupi, ukiipa hewa kila mara. Kuiacha humo saa nzima hakusaidii. Mwisho suuza kwa maji yenye siki kidogo, chokaa isibaki ikala uzi.