Usiku niliokula zinki

Jioni ile nilijiona fundi kamili. Nilikuwa nachomelea mabomba ya galvanaizi, yaani ya chuma kilichopakwa zinki kisishike kutu, yawe kichanja cha kuwekea vifaa, humo humo gereji, mlango nimeurudishia ili upepo usinisumbue. Moshi ulikuwa mweupe kupita kawaida. Kila nilipoinua kofia niliona kandokando ya maungio unga mwepesi kama majivu ya pamba. Nikaupuliza kwa mdomo, nikaendelea.

Saa nne usiku nikaanza kutetemeka. Mablanketi mawili hayakufua dafu. Kiu haikatiki, viungo vinauma kama niliyebeba saruji mchana kutwa, na mdomoni nina ladha ya sarafu. Mke wangu akasema ni mafua, nami nikakubali, maana wakati wa kazi sikuwa nimekohoa hata mara moja. Kesho yake jioni nilikuwa mzima. Jumamosi iliyofuata nikachomelea mguu wa pili na wa tatu, na usiku ule homa ikarudi vilevile.

Mzee mmoja aliyezeekea kwenye kazi hii ndiye aliyenitegulia kitendawili. "Hayo si mafua, mwanangu. Umekula zinki." Akanieleza kwamba anayeuvuta moshi huo kila siku mwili wake huuzoea kidogo; akipumzika siku mbili, mazoea yanapotea, ndiyo maana wengine huiita homa ya Jumatatu. Kisha akanishauri ninywe maziwa kabla ya kazi. Hapo nilimwitikia kwa heshima tu. Maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni.

Nilipofuatilia, jambo lenyewe likawa wazi. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chuma huyeyuka karibu na 1,500. Yaani kabla chuma hakijalegea, zinki imeshageuka mvuke, ikakutana na hewa, ikawa ule unga mweupe. Homa huja saa kadhaa baadaye na kwa kawaida huondoka ndani ya siku moja au mbili. Ila kifua kikibana au pumzi ikikata, usijiambie ni zinki tu. Nenda hospitali na useme ulikuwa unachomelea nini, kwa sababu kadimiamu, metali nyingine inayopakwa juu ya chuma, huanza hivyo hivyo na huua.

Siku hizi kazi yangu huanzia kwenye ndoo. Ncha za bomba nazilaza ndani ya siki usiku kucha, nje ya nyumba na bila kufunika, maana vile viputo ni haidrojeni. Asubuhi ule mng'ao wenye maua maua umekwisha, chuma kimekuwa cha kijivu kilichofifia. Naosha, nakausha, namalizia kwa grenda na jiwe la msasa, barakoa ikiwa usoni, kwa sababu vumbi lake nalo si la kuvuta. Naondoa walau sentimita tano kila upande wa maungio. Na ndani pia! Mara ya kwanza nilisafisha nje tu, nikajipongeza, na nilipowasha moto bomba likatoa moshi upande wa pili kama kiko cha babu.

Kichwa ndicho kilichonipa shida kuliko vyote. Ukiinama uone chuma kinavyoyeyuka, unauweka uso juu kabisa ya moshi unaopanda. Nikajizoeza kukaa ubavuni mwa kazi. Feni niliiweka mgongoni, nikashangaa moshi unanijia kifuani: mwili unaziba upepo, na mbele yako hewa inajizungusha. Nikaihamishia upande, hapo ikapeperusha gesi ya kukinga, ile inayozuia hewa isiguse chuma kinachoyeyuka, na maungio yakatoka na matundu kama sifongo. Mwishowe niliisimamisha karibu na mlango ikivuta hewa kwenda nje, dirisha la upande wa pili likiwa wazi. Kabla ya kuanza nawasha kipande cha kamba kinachofuka, nione moshi unaelekea wapi. Ukinijia mimi, siwashi mashine.

Barakoa ya kitambaa niliitupa. Navaa ya mpira yenye vichujio vya P100, vinavyonasa karibu chembe zote, ile inayoingia chini ya kofia ya kuchomelea. Ndevu nilizinyoa, kwa shingo upande, kwani kingo za mpira hazishiki ngozi yenye nywele. Naziba vichujio kwa viganja na kuvuta pumzi. Barakoa isiponing'ang'ania usoni, kuna mahali inavuja. Lakini vichujio hivyo vinazuia chembe tu. Gesi hupita, na hewa haiongezeki hata kidogo.

Ndiyo maana ninachokiogopa kuliko zinki ni kopo la dawa ya kusafishia breki. Zile zenye viyeyusho vya klorini, zikikutana na joto na mwanga mkali wa kuchomelea, zinaweza kutoa fosjini, gesi iliyotumika kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mabaki kidogo kwenye ufa wa chuma yanatosha kudhuru. Mafuta nayatoa kwa maji moto na sabuni, nakausha kabisa. Kopo lenye neno "kloro" kwenye maandishi yake haliingii gereji.

Bolti zenye rangi ya dhahabu sizichomelei, kwani kwa macho huwezi kujua kama ni zinki au kadimiamu. Rangi kuukuu huenda ina madini ya risasi, kwa hiyo siichomi wala siisagi. Matangi yaliyofungwa au yaliyowahi kubeba mafuta, hapana, hata akiniomba shemeji. Stenlesi, chuma kisichoshika kutu, naipeleka karakana yenye mtambo wa kuvuta moshi, kwa sababu ya kromiamu iliyomo, ambayo moshi wake ni sumu. Wala chuma cheusi, kile kisichopakwa kitu, kisikudanganye: mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wote wa kuchomelea kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kichanja bado kipo. Ukikitazama vizuri utaona mguu wa nne haukuchomelewa. Nimeufunga kwa bolti.