Ndimu mwisho: siku yangu moja ya kuuza saladi ya matunda na mboga mbichi

Saa 10 kasoro robo alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, naenda kugusa sufuria. Maji niliyochemsha jana usiku lazima yawe yamepoa, maana ndiyo ya kusuuzia kila kitu cha leo. Yamepoa. Ni Januari, kaskazi imeshika hapa Dar, kanga inanata mgongoni hata jua halijachomoza. Joto hili ndilo linalowafanya watu wa maofisini kule Posta waone wali mzito mchana na kutafuta kitu cha baridi. Huu ndio msimu wangu.

Saa 10 na nusu niko kwenye bajaji, natoka Buguruni kwenda soko la Mabibo. Mananasi ya Kiwangwa, kule Bagamoyo, yamejaa wakati huu. Nanasi nalinusa kitakoni: likinukia utamu linafaa leo, likinuka uchachu wa pombe nalirudisha. Kwenye matikiti natafuta lile doa la upande uliolalia udongo. Liwe njano kama siagi. Doa likiwa jeupe, tikiti lilichumwa mapema na ndani utakuta maji matupu yasiyo na utamu. Embe dodo ndizo zinazonichukua muda, kwa sababu msimu unaishia na mengi yamekwisha lainika.

"Dada, haya yameiva vizuri, unafika nyumbani unakula," kijana ananiambia.

"Kaka yangu, hayo wawekee watu wa juisi. Mimi nipe yale ambayo ungemuuzia mtu wa kula kesho kutwa."

Embe la saladi liwe limepevuka, nyama imeanza kuwa ya njano, lakini kisu kikipita lisimame. Likiwa laini, saa 6 mchana linakuwa uji.

Narudi kwa njia ya soko la Ilala, nachukua matango, karoti, kabichi, vitunguu na giligilani. Mnanaa nina bibi yangu mmoja, nimenunua kwake miaka minne sasa. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Wako nimeufunika kwa gunia bichi, haujaona jua." Kweli, majani yamesimama kama yamechumwa sasa hivi.

Saa 12 na robo tunaanza kuosha, mimi na mpwa wangu anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Hapa sipendi haraka. Wengi huona tunda la kumenywa halina haja ya kuoshwa, ganda si linatupwa? Lakini kisu kinapita kwenye ganda kwanza ndipo kiingie ndani, na kila kilichokuwa juu ya ganda kinaingia nacho. Tikiti limelala shambani, limelala kwenye lori, limelala chini sokoni. Kwa hiyo tikiti nalisugua kwa brashi na sabuni kidogo, nalisuuza, ndipo nalikata. Giligilani naipitisha maji matatu, jani kwa jani, kwa sababu mchanga hujificha pale shina linapogawanyika. Maji ya mwisho ni yale ya sufuria. Chakula hiki hakipiti motoni. Hakuna moto wa kuja kunisaidia baadaye. Mwaka 2022, Mto Ruvu uliposhuka na maji mjini yakawa ya mgao, kuna siku nilikaa nyumbani bila kuuza. Madumu yalikuwa yanapita mtaani lakini sikujua maji yametoka wapi. Iliniuma mfukoni, na ingetokea tena ningefanya vilevile.

Saa 1 na nusu, visu. Kibao cha matunda mbali, kibao cha vitunguu mbali, la sivyo nanasi zima litanuka kitunguu. Kitunguu nakikata chembamba, nakifikicha kwa chumvi, nakisuuza mara mbili mpaka ule ukali unaopanda puani unatoka. Kabichi nalikata uzi mwembamba. Karoti nazikuna. Tango nalipasua katikati na kukwangua zile mbegu kwa kijiko, kwa sababu pale katikati ndipo palipo na maji mengi.

Na hapa niseme jambo ambalo lilinigharimu kulijua. Saladi hii ni maji. Tango ni karibu asilimia 95 maji, tikiti karibu 92, hata nanasi linazidi 85. Chumvi na sukari huyavuta yale maji kutoka ndani ya tunda yakamwagika nje. Mwaka wangu wa kwanza sikujua. Nilikuwa nachanganya kila kitu alfajiri, na ndimu, na chumvi, na pilipili, naonja, nasema leo nimepatia. Nikifika Posta saa 6 nafungua kontena naona vipande vimelegea vinaelea kwenye maji ya rangi ya waridi. Mteja mmoja alinirudishia na kuniambia kwa upole, "Mama, hii imeshakuwa supu." Nililia kwenye daladala ile siku. Wiki mbili nilikuwa nabadilisha matunda, nikidhani kosa ni la tikiti. Kosa lilikuwa langu la kutia chumvi saa 2 asubuhi kwenye chakula cha saa 6 mchana.

Tangu hapo ndimu huja mwisho, mbele ya mteja. Nakamua ndimu kwenye chupa, natia chumvi, sukari kidogo sana, maji ya tangawizi, na pilipili mbuzi moja iliyotobolewa bila kupasuliwa, itoe harufu zaidi ya ukali. Kwenye kontena napanga kwa zamu: chini kabichi na karoti, ambazo hazijali kusubiri, juu yake nanasi, kisha embe, kisha tango. Tikiti linakaa juu kabisa ili lisikandamizwe. Kitunguu na majani viko kwenye chombo chake. Leo yametoka makontena 54.

Saa 4 na nusu yanaingia kwenye deli. Barafu naizungushia nje ya makontena, wala haiingii ndani ya chakula, kwani barafu ya kununua sijui maji yake.

Saa 6 kamili foleni imeanza kwenye kile kivuli cha mwarobaini. Shilingi 2,500 kontena moja. Dada mmoja, mgeni kwangu, anashangaa. "Embe na kitunguu?"

"Dada, embe mbichi kwa chumvi na pilipili si umekula tangu shule ya msingi?"

"Hiyo nimekula."

"Basi kitunguu ni hatua moja tu mbele."

Nafungua, namwaga vijiko viwili vya ile ndimu, nanyunyiza mnanaa na giligilani, nafunga mfuniko, natikisa mara tatu. Anakula amesimama palepale. Ile sauti ya tango kukatika jinoni ndiyo ninayoisikilizia, siku zote. Ameongeza moja la mwenzake.

Kuna mlinzi wa jengo la jirani, mzee wa makamo ya baba yangu, meno yake ya nyuma yameondoka. Kontena lake natengeneza mwenyewe tangu nyumbani: halina kabichi, tango limekatwa kama karatasi, na embe moja lililoiva kweli, ambalo hununua kwa ajili yake tu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Leo lina pilipili?" "Kidogo, baba." "Ongeza." Naongeza.

Saa 8 zimebaki 7. Saa 9 nafunga, hata zikibaki. Leo imebaki 1. Saladi yangu hailali. Ya jana, hata iwe baridi namna gani, siuzi.

Saa 10 na nusu nyumbani. Maganda amekwisha kuyachukua jirani anayefuga mbuzi. Naosha vibao, naviegemeza ukutani juani vikauke. Kontena lililobaki mpwa wangu amelidai tangu nashuka kwenye bajaji. Amemimina ndimu mwenyewe, ameanza kula kabla hajatikisa, na pilipili imemkuta yote kwenye tonge la kwanza. "Shangazi, maji!"

Saa 2 usiku nimeteleka sufuria kubwa jikoni. Nimesubiri mpaka maji yachemke kwelikweli, nikaiepua, nikaifunika kwa sinia na kuweka jiwe juu, kwa ajili ya paka.