Usiku ningu walipopanda

Aprili 1988 masika yalipiga siku nne mfululizo kwetu karibu na Kyaka. Kijito kinachoshuka kwenda mto Kagera kikafura, kikamwagika hadi kwenye majani. Usiku wa manane mjomba akanitikisa kitandani.

"Mjomba, amka. Ningu wanapanda."

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria na mito yake, mlaji wa mwani na masalia ya chini ya maji. Siku za kawaida humsikii. Lakini mvua kubwa ikileta maji mapya, anashika mto kwenda juu, anatafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko, anataga, anarudi upesi kabla maji hayajakauka. Vifaranga hushuka baadaye.

Mjomba alikuwa ametanda wavu kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Mimi nilishika karabai. Maji yalikuwa mekundu kwa tope, na wavu ulitikisika mfululizo kama kamba aliyofungwa mbuzi. Wa kwanza nilimnasua mwenyewe. Tumbo lake lilikuwa limetuna. Mdomo wa ningu uko chini ya kichwa, midomo minene. Ulifunguka ukanyonya ncha ya kidole changu, nikahisi mkwaruzo kama wa ulimi wa ndama. Nilipombana asiponyoke, mayai yalinichuruzikia kiganjani, madogo kama ulezi.

Nilifurahi mno usiku ule. Hadi alfajiri tulikuwa na matenga mawili.

Leo ningu amewekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, kati ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka. Wavuvi wa kabla yetu walimvua kwa wingi, hasa midomoni mwa mito, wavu ukimngoja pale pale anapopita kwenda kuzaa. Samaki anayepita njia moja, kwa msimu mmoja, kumziba ni kazi ndogo sana. Sisi tulimziba kwa wavu mmoja na karabai.

Asubuhi bibi aliketi na beseni uani. Alipasua wa kwanza, mayai. Wa pili, mayai. Wa tano akaweka kisu chini, akamtazama mjomba.

"Mliwaachia njia?"

Mjomba hakujibu. Aliinama, akaendelea kupara magamba.