Siku Niliyopanda Mnara wa Asinelli

Wanafunzi wa Bologna, Italia, wana mwiko wanaouheshimu kuliko ratiba ya mitihani: ukipanda Mnara wa Asinelli kabla hujahitimu, shahada utaisikia kwa wenzako. Mimi si mtu wa nuksi, lakini nauli yangu ilichangiwa na ukoo mzima. Ya nini kujaribu? Nikawa napita chini yake, natazama juu, naenda zangu.

Julai 2023 nilitetea tasnifu, nikavishwa taji la majani kama ilivyo desturi yao, na jioni nikaenda mnarani. Rafiki yangu wa Tanga, aliyekuwa hajamaliza, alinisindikiza hadi mlangoni. "Nenda kaka," akasema. "Mimi mama anasubiri cheti."

Ndani kuna joto na harufu ya mbao kuukuu. Vidato ni 498, vya mbao, vimeliwa katikati na nyayo za watu hata mguu unajiendea wenyewe kwenye kibonde. Ngazi zinazunguka kuta, katikati uwazi mtupu. Ukikutana na anayeshuka, mmoja hujibanza ukutani. Nami nimevaa viatu vipya vya ngozi! Kufika nusu, koti liko begani, taji liko mkononi.

Nilipokuwa nikitweta pale nikawafikiria wenye mnara. Karne ya 12 koo za matajiri wa Bologna zilijijengea minara mingi, na adui hakuwa wa kutoka ng'ambo. Alikuwa jirani wa mtaa huohuo. Mita 97 kwa ajili ya jirani! Ulinzi ulikuwepo, sikatai, ila naona majivuno yalizidi. Afadhali padri Riccioli, aliyekuja karne ya 17 kudondosha mipira kutoka humo ili apime mwendo wa vitu vinavyoanguka.

Juu kuna upepo, na mapaa ya vigae vyekundu hadi vilimani. Mnara pacha, Garisenda, unauona kwa chini, umelala upande. Ardhi yake ilititia, ndiyo maana karne ya 14 waliukata ukabaki mita 48.

Oktoba mwaka uleule eneo lote likafungwa, kwa hofu kwamba Garisenda utaanguka. Rafiki yangu alipohitimu alikwenda na taji lake, akakuta uzio. Akanipigia simu: "Huko juu kulikuwaje?" Nikamwambia kuna upepo mzuri, ila magoti yaliniuma wiki nzima.