Kuni za kurudishia majivu

Nilipomweleza mama kwa simu kwamba nageuza kaboni dioksidi kuwa mafuta, alinyamaza kidogo. "Yaani unarudisha majivu yawe kuni? Na kuni za kuyarudishia unatoa wapi, mwanangu?"

Nilikuwa Ujerumani, nasomea uzamili. Kazi yangu yote ilikuwa ndani ya bomba la chuma cha pua, nene kama kidole gumba, lililojaa punje za kichocheo, yaani kitu cha kuharakisha mmenyuko: shaba, oksidi ya zinki na alumina. Juu inaingia kaboni dioksidi sehemu moja na hidrojeni sehemu tatu, kwa shinikizo la baa 50 na joto la nyuzi 250. Chini unangoja methanoli, alkoholi inayowaka, ndiyo mafuta yenyewe.

Mara ya kwanza nilipata karibu maji matupu. Kosa lilikuwa langu. Kichocheo hiki huja kikiwa oksidi, cheusi, na lazima kwanza ukipitishie hidrojeni iondoe oksijeni, ibaki shaba tupu. Hatua hiyo huzalisha joto lake yenyewe, nami nilifungulia hidrojeni kwa pupa. Joto likaruka, chembe za shaba zikashikana, kichocheo kikafa hata kabla ya kuanza kazi.

Nikajaza punje mpya. Safari hii hidrojeni ilikuwa asilimia 5 tu, iliyobaki nitrojeni, na joto nikalipandisha nyuzi moja kwa dakika. Kila kiungo nikakipaka maji ya sabuni. Kimoja kikatoa povu, nikakikaza. Kesho yake jioni nilifungua vali ya chini, vikatoka kama vijiko viwili vya kimiminika kisicho na rangi. Nusu nzima ya molekuli zake ni maji, maana kila methanoli huzaliwa na pacha wake. Nikakichemsha polepole, methanoli hutangulia, kwenye nyuzi 65. Nilipoiwasha nilidhani imegoma, mpaka nilipozima taa nikaona ule mwali wa buluu.

Ndipo nikapiga hesabu ya mama. Kilo moja ya methanoli hula gramu 190 hivi za hidrojeni, na kuipata hidrojeni hiyo kwa kupasua maji kunahitaji umeme wa uniti 10 hivi. Ukiichoma methanoli yenyewe unarudishiwa joto la uniti 5 na nusu. Kwa hiyo kama umeme wako unatoka kwenye makaa ya mawe, unajisumbua bure.

Nikampigia kumwambia kwamba Aislandi walifungua mtambo wa aina hii mwaka 2012, kando ya kituo cha jotoardhi.

"Kama mvuke wetu wa Olkaria?"

"Huohuo, mama."

Akauliza kama hidrojeni inauzwa kwa mtungi, kama gesi ya kupikia.