Kijana wa Geismar na Hasira za Watu Wazima

Majira haya, vijana wa shule za sekondari za Marekani wanapotia saini kujiunga na timu za mpira wa Kimarekani za vyuo vikuu, mji wetu wa Baton Rouge hupita katika siku chache za furaha au za uchungu ambazo mgeni hawezi kuzielewa kwa haraka. Mwaka huu pia yupo kijana wa jimbo la Louisiana ambaye amekipa kisogo chuo chetu, LSU (Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana), na kwenda kwa wapinzani wetu wa Chuo Kikuu cha Alabama. Sitamtaja jina, kwa sababu ana miaka 17 na jina lake limekwisha kutajwa vya kutosha na watu wasiomtakia mema. Ninaandika kwa sababu maneno niliyoyasikia kazini tangu habari hiyo itoke yamenikaa moyoni, na kwa sababu wanaoyasema ni watu ninaowapenda, tunaoshangilia pamoja timu moja.

Kwa ndugu zangu walioko nyumbani, nieleze kwanza jinsi mambo yalivyo huku. Katika mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu, kijana hauzwi wala hanunuliwi na klabu; makocha wa vyuo humfuata nyumbani kwao na shuleni kwake kwa miaka miwili au mitatu, wanamwandikia barua, wanakaa na mama yake sebuleni, na mwisho wake yeye mwenyewe ndiye anayechagua. Wapo wataalamu wanaowapanga vijana hawa kwa nyota, moja hadi tano, na mwenye nyota tano hujulikana nchi nzima kabla hajamaliza mitihani yake ya sekondari. Siku ya kutangaza huwekewa kofia za vyuo mezani mbele ya kamera, akachukua moja na kuivaa. Zile zinazobaki mezani ndizo zinazoleta maneno.

Hapa kwetu, kofia inayouma kuliko zote ni ya Alabama. Kocha Nick Saban ndiye aliyeipa LSU ubingwa wa taifa wa msimu wa 2003, akaondoka kwenda ligi ya kulipwa huko Miami, na aliporudi kwenye vyuo mwaka 2007 alirudi upande wa Alabama, akaanza kuvuna vijana wa Louisiana kana kwamba shamba bado ni lake. Jimbo hili si kubwa kwa idadi ya watu lakini hutoa wachezaji wengi wa ligi kuu, na chuo kikubwa chenye uzito wa kitaifa katika mchezo huu ni kimoja tu. Mtoto akionyesha kipaji huko Amite, Monroe au New Orleans, watu humhesabu kuwa ni wa LSU kabla hajaulizwa.

Nilikuwa bado mgeni mjini hapa Januari 5, 2012, usiku ambao nimekuwa nikiukumbuka sana juma hili. Landon Collins alikuwa mlinzi wa nyuma mwenye nyota tano, mwanafunzi wa shule ya Dutchtown iliyoko Geismar, mahali penye viwanda vya kemikali kando ya Mto Mississippi, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka hapa. Ili kuelewa uchungu wa usiku ule ni lazima ujue kwamba miezi miwili kabla yake, LSU ilikuwa imeifunga Alabama pointi 9 kwa 6 huko Tuscaloosa, mji wa chuo cha Alabama, katika muda wa nyongeza, na mpira ulioiokoa LSU ulinyakuliwa hatua chache tu kutoka kwenye mstari wake na Eric Reid, ambaye naye alisoma Dutchtown na kucheza nafasi ile ile ya Collins. Kila mtu alikwisha kuupanga urithi huo kichwani mwake: Reid akiondoka, mdogo wake wa shule atachukua nafasi. Zaidi ya hayo, timu hizo mbili zilikuwa zikutane tena New Orleans baada ya siku nne kugombea ubingwa wa taifa, na LSU ilikuwa haijapoteza mechi hata moja kati ya 13.

Collins alikuwa Florida kwa ajili ya mechi ya vijana bora wa nchi, amekaa mbele ya kamera za televisheni na jamaa zake, mama yake akiwa kando yake. Alipotaja Alabama, mama hakupiga makofi. Alitikisa kichwa, na alipoulizwa palepale na mtangazaji, akasema waziwazi kwamba kwa maoni yake LSU ndipo palipokuwa mahali bora kwa mwanawe. Kijana alibaki ametulia, kwa namna ambayo mpaka leo naiheshimu, kwa sababu watu wazima wengi wangeyumba.

Kilichofuata hapa mjini ndicho kilichonisumbua zaidi. Yule mama alikuwa na haki ya kusema alilolisema. Ni mwanawe, na mzazi anaweza kutokubaliana na mtoto wake na bado akampenda. Lakini mashabiki walimchukua mama huyo wakamfanya fimbo ya kumchapia kijana. Watu ambao hawakumjua, ambao hawajawahi kumpikia wala kumpeleka hospitali usiku, walisema kwamba hana adabu kwa mzazi, kwamba amemdhalilisha mama yake mbele ya taifa zima, kwamba mtu anayemwasi mama hawezi kufanikiwa. Kwetu neno kama hilo si dogo. Mimi nimelelewa Tanga, ambako radhi ya mama ni jambo la kuogopwa, na nilipolisikia likitumiwa kwa ajili ya mchezo nilihisi kwamba kitu kitakatifu kimechukuliwa na mikono isiyostahili.

Nimekulia katika nyumba iliyogawanyika kati ya Simba na Yanga, kwa hiyo naijua hasira ya shabiki aliyekimbiwa. Nilikuwa mbali lakini nilizisikia kelele za mwaka 2024, Clatous Chama alipotoka Simba na kuvuka kwenda Yanga. Hata hivyo Chama alikuwa mtu mzima mwenye mkataba, aliyewachezea Simba kwa miaka na kuwapa raha nyingi, na aliyelia siku ile alikuwa na kitu alichopoteza. Kijana wa sekondari hajawahi kuvaa jezi yetu hata siku moja. Tunamwita msaliti kwa kuvunja ahadi ambayo sisi ndio tulioiweka kwa niaba yake.

Wapo watakaosema kwamba suala ni nyumbani, kwamba mtoto wa Louisiana anapaswa kubaki Louisiana karibu na wazazi wake. Ningeiheshimu hoja hiyo kama ingeshikiliwa mpaka mwisho. Januari 2024 Bryce Underwood, kijana wa Belleville katika jimbo la Michigan aliyehesabiwa kuwa namba moja nchini, aliahidi kuja LSU, na mji huu ulisherehekea. Sikumsikia mtu hata mmoja akimshauri abaki kwao. Novemba mwaka ule ule alibadilisha nia na kuchagua Chuo Kikuu cha Michigan, kilicho karibu kabisa na nyumbani kwao, na wale wale waliomlaumu Collins kwa kuondoka nyumbani wakamlaumu Underwood kwa kurudi nyumbani. Safari hii hoja ilikuwa ni ahadi: mwanamume hutimiza neno lake. Mtoto mmoja alikosa kwa sababu hakubaki kwao, mwingine kwa sababu alibaki kwao, na kosa halisi la wote wawili ni kwamba hawatachezea hapa.

Tena neno hilo la ahadi linatushinda tunapowatazama makocha. Mwishoni mwa Novemba 2025, Lane Kiffin, kocha wa miaka 50, aliiacha Ole Miss (Chuo Kikuu cha Mississippi), chuo ambacho ni hasimu wetu wa miaka mingi, wakati timu yake ilikuwa imeshinda mechi 11 na kupoteza moja tu, ikingojea kuingia katika mashindano ya ubingwa wa taifa. Aliwaacha vijana aliokuwa amewaambia waje kwake, akaja kwetu kwa mshahara wa zaidi ya dola milioni 10 kwa mwaka. Watu wa Mississippi walimzomea uwanja wa ndege. Watu wa Baton Rouge walimpokea kwa shangwe, na nakiri nami nilifurahi kumpata kocha mzuri. Lakini baada ya shangwe ile sioni ni kwa kinywa gani tunamfundisha mtoto wa miaka 17 uaminifu.

Fedha zimeongeza ukali wa maneno. Collins alipochagua, alichopewa mchezaji kilikuwa ni ada, malazi na chakula, huku kocha akilipwa mamilioni. Tangu Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Mimi naona ni haki iliyochelewa. Wako mashabiki wanaochangia mifuko ya kuwalipa wachezaji hao, na mmoja wao aliniambia kwamba sasa ana haki ya kusema lolote kwa sababu ametoa pesa yake. Pesa aliyotoa ilikuwa ya kumshawishi kijana, na anayeshawishiwa ana ruhusa ya kukataa.

Ninafanya kazi na mama mmoja ambaye mwanawe wa pili ni mchezaji wa sekondari, mrefu kama mlango, mpole kupita kiasi. Aliwahi kunionyesha sanduku la viatu alimowekea barua za vyuo. Nyingi ni karatasi nzito zenye rangi za kung'aa, jina la kijana limechapwa mgongoni mwa jezi kana kwamba amekwisha kujiunga, na kando kuna maneno mawili matatu ya mkono ya kocha. Baadhi ya barua zilikuwa za vyuo ambavyo viliacha kuandika ghafla baada ya kijana kuumia goti. Hakuna shabiki aliyeandika kuwashutumu makocha wale kwa kukosa uaminifu. Juma hili, wenzetu walipokuwa wakimpondaponda yule kijana aliyekwenda kwa wapinzani wakati wa chakula cha mchana, mama huyu aliweka uma mezani akawauliza kama mwakani watasema hivyo hivyo kuhusu wa kwake. Mmoja alijibu haraka kwamba wa kwake ni tofauti kwa sababu wanamjua. Akawaambia kwamba yule mwingine naye ana watu wanaomjua, na pengine wanasoma yanayoandikwa.

Sisemi kwamba mashabiki wanyamaze. Kijana huyo akija hapa na jezi nyekundu ya Alabama, nitapiga kelele pamoja na watu zaidi ya laki moja mpaka sauti initoke, nikitumaini ateleze, adondoshe mpira, arudi Tuscaloosa amefungwa. Hayo ni ya uwanjani na yeye mwenyewe ameyachagua. Mwaka 2020 DeVonta Smith, mtoto wa Amite, alikuja Baton Rouge na Alabama akatufunga mara tatu katika mechi iliyokwisha 55 kwa 17, na usiku ule niliumia kweli, lakini niliumia kwa sababu ya kipaji chake. Collins naye alitufunga pamoja na wenzake mwaka 2014 katika muda wa nyongeza, akachaguliwa kuwa miongoni mwa wachezaji bora wa vyuo nchini, kisha timu ya kulipwa ya New York Giants ikamchukua mwaka uliofuata. Laana zote zile hazikumpata, na nashukuru hazikumpata.

Mtoto wa mwenzangu hajaamua bado. Mama yake ameninong'oneza kwamba kijana anavutiwa na chuo ambacho mtaa wao wote hautakifurahia, na kwamba yeye mwenyewe angependa abaki karibu, ila amekwisha kumwambia hivyo mara moja na hatarudia mbele ya watu. Ameniomba niwepo nyumbani kwao siku ya kutangaza, ili asiachwe peke yake na majirani. Nimekubali, na nimekwisha kuomba nafasi ya kubadilishana zamu.